Niliita Nyama, Mungu Akaleta Watu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nasema tena, asifiwe! Na wenye maswali kichwani waitikie pia, maana leo ni zamu yetu!

Mnanijua. Mimi ndiye yule ambaye vijana wa kwaya wamempa jina la Mademazeli Kwa-Nini. Nilisoma biolojia chuo kikuu kule Kindu, nikarudi hapa Kasongo kufundisha, na tangu nirudi nimemchosha mchungaji wetu. Akihubiri juu ya safina, nauliza simba walikula nini humo ndani. Mtu akisimama hapa na kusema aliombewa akapona malaria, mimi pale nyuma nauliza kama alikunywa dawa pia. Kila ushuhuda niliuona kama hadithi ambayo mwenyewe amekata kile kipande kinachomsumbua. Kwa hiyo leo sitakata kipande. Nitawaambia yote, hata yale yanayonikosesha usingizi mpaka sasa.

Papa yangu mnamwona pale mbele, yule mwenye koti la kijivu. Majira ya mvua yaliyopita alikuwa kijijini kwetu, upande wa Kabambare, na henia yake ya zamani ilikuwa imebana. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, anatapika, hata maji hayakai. Muuguzi wa kijiji alimgusa mara moja tu akasema, "Mumupeleke Kasongo. Leo. Hapa sina kitu." Nilikuwa nimefika nyumbani kwa pikipiki yangu kuwasalimu. Gari hakuna. Basi nikamweka Papa katikati, Mama akakaa nyuma yake kumkumbatia, tukaondoka asubuhi, watu watatu juu ya pikipiki moja na njia yote ni matope.

Ninyi mnaijua ile njia! Mama alikuwa anaomba kwa sauti na kunigombeza kwa sauti ileile. "Ee Bwana tufikishe! Wee binti, pole pole, papa yako haiko gunia ya muchele! Ee Bwana, fungua njia!" Mimi nilikuwa nawaza Mungu atafunguaje njia ambayo serikali imeshindwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, nasema ukweli.

Tulipita shamba kubwa la mpunga, watu wako kazini, wengine wanainua mikono kutusalimu. Mbele kidogo njia inashuka, pori linabana huku na huku. Nikapunguza mafuta ili niteremke taratibu. Na hapo, ndugu zangu, mbawala akaruka!

Mbawala dume, mwekundu, pembe zake zimejipinda. Sikumwona akitoka. Nilimwona akiwa tayari hewani, mbele ya taa yangu, na jicho lake moja likinitazama. Nilifunga breki, lakini matope hayana breki. Tukampiga ubavuni. Pikipiki ikageuka, mimi nikarushwa upande wa kulia, Mama akaangukia majani, na Papa akaenda na pikipiki mpaka ndani ya mfereji uliochimbwa na mvua kando ya njia.

Nilipoinuka nilimwona mbawala amelala njiani, miguu ya nyuma haifanyi kazi, anahema. Halafu nikamsikia Mama. Hakulia. Aliniita tu jina langu la utotoni, mara moja, kwa sauti ndogo. Nikajua ni vibaya.

Papa alikuwa chali ndani ya mfereji, pikipiki imemlalia kiunoni na miguuni, na maji ya matope yanamfika kifuani. Mama aliruka ndani, akainua kichwa chake kisilowe. Mimi nikashika usukani, nikavuta. Ikateleza. Nikashika gurudumu, nikavuta tena. Kila nilipoinua kidogo, kingo zinabomoka, pikipiki inarudi na kumkandamiza zaidi pale pale kwenye tumbo lililokuwa linamuua. Akapiga kelele. Papa yangu, ambaye sijawahi kumsikia akilalamika! Wanawake wawili hatukuweza. Maji yalikuwa yanashuka kutoka mlimani, kwa sababu juu huko mvua ilikuwa imeanza, na yalikuwa yanapanda kifuani mwake polepole.

Nikapanda njiani, nikakimbia mpaka pale shamba linapoonekana, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Mutusaidie! Ndugu, mutusaidie! Mutu anakufa!"

Na mnajua kilichotokea? Mnajua! Naona wazee mnatikisa vichwa. Wale watu waliinua vichwa, wakatupa majembe, na wakakimbia. Wakakimbilia porini! Mama mmoja alimnyakua mtoto wake kwa mkono mmoja na kutoweka kama moshi. Shamba lote likabaki tupu.

Sikuwalaumu, wala leo siwalaumu. Huku kwetu, kwa miaka mingapi, sauti ya mtu anayelilia msaada njiani imekuwa na maana gani? Ina maana wenye silaha wamefika. Ukiisikia, unamchukua mtoto na kuingia porini, ndivyo tulivyofundishwa tangu wadogo. Mimi mwenyewe nimelala porini mara nyingi kwa sababu ya sauti kama ile. Lakini nilikuwa nimekaa mjini na vitabu vyangu nikasahau. Nilipaza sauti ya kuomba watu, nikawafukuza watu wote!

Nikarudi mferejini nalia. Nikamwambia Papa, "Wamekimbia."

Alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Akasema, "Usilie vile. Uko nawafukuza. Ita nyama."

"Papa, nyama gani saa hii?"

"Ile umeua. Ita nyama!"

Nilidhani homa imemchukua. Mama ndiye aliyenisukuma. "Papa yako amesema uite, uite! Ama na hiyo unataka kuuliza kwa nini?"

Ndugu zangu, vijana wa mjini huenda hamjui. Kijijini kwetu mwindaji akiangusha mnyama, hanyamazi. Anapiga mwito. Na kila aliyesikia mwito na kufika kabla mnyama hajakatwa, ana haki ya kipande, awe ndugu, awe mgeni. Papa aliwinda kwa nyavu ujana wake, na nikiwa mdogo niliusikia mwito ule jioni nyingi, tukakimbia na mabakuli. Lakini ni mwito wa wanaume. Mwanamke haupigi. Na mimi ni mtu wa sayansi, nimesimama juu ya njia, papa yangu anazama, natakiwa kutangaza nyama!

Nikajaza hewa kifuani. "Wooo-hee! Nyama imelala! Wooo-hee!" Sauti ikakatika. Nikarudia. Nikarudia tena mpaka koo likawaka.

Halafu majani yakatikisika upande ule ule waliokimbilia. Kichwa kikatokea. Kikatazama. Na mwanaume mmoja akachomoka porini na kisu mkononi, anakimbia moja kwa moja kuja kwangu, magoti yanafika kifuani! Nilikuja kujua baadaye anaitwa Shabani, mkulima, Mwislamu, mwenye nyumba iliyojaa watoto.

"Iko wapi? Iko wapi?" aliuliza kabla hajafika. "Bado iko na roho?"

Nikanyoosha kidole. Mbawala alikuwa bado anahema, pumzi za mwishomwisho. Hapo nataka mnielewe vizuri. Sisi tunaishi na Waislamu, tunaoana nao, tunajua. Mnyama akifa kabla hajachinjwa, kwa Shabani si nyama tena. Hawezi kula, hawezi kuwapelekea watoto. Ndiyo sababu alikuwa anakimbia vile kuwapita wenzake wote. Alikuwa anakimbizana na pumzi ya yule mbawala. Alikuwa amebakiza hatua kidogo tu, kisu kiko tayari, midomo imekwishaanza kulitaja jina la Mungu.

Na Mama akamwita kutoka mferejini, "Baba, maji yanamuzamisha!"

Shabani aligeuza kichwa. Akaona. Akamtazama mbawala. Niliyaona macho yake yakienda na kurudi, naapa niliyaona. Halafu akakitupa kisu majanini na kuruka ndani ya mfereji!

Alitia bega chini ya injini yenye moto, akanguruma, akainua. Mimi nikavuta gurudumu. Mama akamvuta Papa kwapani. Kingo zikabomoka, Shabani akazama mpaka kiunoni, lakini hakuachia. Papa akatoka! Ndugu zangu, Papa akatoka!

Tulipomlaza juu ya majani, nikageuka. Mbawala alikuwa ametulia. Amekufa. Shabani naye alimtazama, akajifuta matope usoni, akaenda kutafuta kisu chake.

Sasa wengine wakaanza kufika, na vikapu, na mapanga, na mabakuli.

"Nani ameua?" akauliza mzee mmoja.

"Mimi."

"Wee? Na nini?"

"Na pikipiki."

Wakacheka! Mama mmoja akasema, "Sisi tulisikia kama mbuzi iko nazaa, tukasema twende tumusaidie!" Lakini kicheko kilikwisha walipomwona Papa. Hakuna aliyewaomba. Vijana wakakata miti miwili, wakafunga kamba na vitenge vya kina mama, ikawa tipoyi, wakambeba mabegani. Nyama wakamwachia bibi mmoja ailinde. Shabani alishika mti wa mbele. Ngozi ya bega lake ilikuwa imeungua kwa ile injini, kwa hiyo alibeba kwa bega la pili.

Njiani walikuwa wanapokezana na kutaniana. "Muzee, uko muzito kuliko ile mbawala!"

Na Papa, katikati ya maumivu yake, akawajibu, "Mubebe tu. Musinikatekate."

Walitufikisha kijiji kinachofuata, tukapata pikipiki nzima, tukafika Kasongo, na daktari akampasua Papa mchana uleule. Alisema tungechelewa kidogo tu, utumbo ungeoza. Papa amepona! Papa, inuka wakuone! Mnamwona? Jana alikuwa anapanda muhogo!

Sasa maswali yangu. Hamkufikiri ningemaliza bila maswali!

Nimeuliza, kwa nini Mungu asimzuie tu mbawala porini? Sijui. Nimeuliza, yule mnyama alikosa nini? Sijui, na jicho lake bado naliona. Naweza kuwaeleza vizuri kwa nini watu walikuja: walikuja kwa ajili ya nyama, kama ambavyo na mimi ningekuja. Mtu mwenye njaa akisikia kuna chakula, anakimbia. Hapo hakuna muujiza, na mtu akiniambia malaika aliwasukuma nitambishia hapa hapa mbele ya mchungaji.

Lakini yule mwanaume aliyekimbia kuliko wote, na kisu mkononi, kwa ajili ya watoto wake, akabakiza hatua kidogo. Kitu gani kilifungua vidole vyake? Nimetafuta katika kila nilichosoma. Juzi nilikwenda nyumbani kwake na zawadi ya kuku hai, ndiyo, hai, amchinje mwenyewe! Nikamwuliza, "Papa Shabani, kwa nini ulikiachia kisu?"

Alinitazama kama vile nimemwuliza kwa nini maji yana unyevu. Akasema, "Mwalimu, mikono ni miwili tu. Ningeinua pikipiki na nini?"

Ndugu zangu, jibu hilo limenishinda! Kwake halikuwa swali. Mimi ninayeuliza kila kitu nilikutana na mtu ambaye, kwa jambo moja lile, hakuwa na swali hata moja. Pale ndipo mimi nilipomwona Mungu, ndani ya mfereji wa matope, ametia bega chini ya injini ya moto. Mchungaji, ukitaka kunisahihisha, utanisahihisha baada ya ibada. Nitakuwa na maswali.

Nikitafuta neno la shukrani, silipati kubwa la kutosha. Namshukuru Mungu kwa pumzi ya Papa, na kwa mbawala, na kwa ile nyumba ya Shabani ambamo jioni ile watoto walikula sombe, majani ya muhogo tu, bila nyama.

Na wewe uliyekaa nyuma pale, kwenye benchi yangu ya zamani, umekunja mikono, unangoja nikosee. Nakujua. Sikuombi uache kuuliza. Nakuomba uite tu! Hata kama hujui maneno, hata kama sauti yako ni ya mbuzi anayezaa. Mimi sikujua kuomba, nikatangaza nyama, na nikajibiwa kama mtu aliyeomba maisha yake yote. Ita! Kuna anayekuja mbio, na ukimhitaji atatupa alichoshika.

Haya, tusimame, wanaume kwa wanawake, na leo tusiseme amina. Papa amenifundisha ule mwito sawasawa sasa, sauti haikatiki tena. Nikipiga, mjibu kwa nguvu atusikie Papa Shabani akiwa shambani kwake:

Wooo-hee!