Mzee Ogola Alivyowaweza Madaktari

Ndani ya basi la kutoka Plateau, penye hospitali, Mzee Ogola alimsimulia Ayub, mwenye duka aliyeketi karibu naye mbele ya kiti changu, jinsi alivyowaweza madaktari. "Wanasema nina maji kichwani. Walinitembeza, wakayapunguza kwa sindano mgongoni, kisha wakanitembeza tena. Mimi naogopa kupasuliwa, kwa hivyo nilitembea kama askari! Hata wakati wa fujo ya uchaguzi sikutembea hivyo."

Ayub alicheka. "Mzee, umejichoma. Mama yangu alipimwa hivyo hivyo. Ukitembea vizuri baada ya sindano, wanajua ukipasuliwa na kuwekewa mpira wa kutoa maji kichwani utasaidika."

"Lakini nilijikaza tu!"

"Na kabla ya sindano hukujikaza?"

"Nilijikaza sana, lakini miguu ilikataa."

Hapo hata mimi niliacha kujifanya nimelala. Basi liliposimama mjini, mzee alishuka bila kushikwa mkono, bado akibisha kwamba alikuwa anaigiza.