Wasifu wa Fundi Kumagai Tatsuzo, Aliyetaka Nyumba Zipumue

Nimesukumiwa kazi hii mimi, dada yake, kwa kuwa wenye mwandiko mzuri wote wameikwepa. Mwanafunzi wake mmoja ameniomba niandike maneno ya kumpendeza marehemu. Marehemu alipendezwa na maneno ya watu maisha yake yote, na ndiyo maana leo tuko makaburini na majivu yake ndani ya chungu. Basi sikilizeni.

Kumagai Tatsuzo alizaliwa tarehe 12 Mei 1944 hapa Kamisawa, mkoani Nagano, mtoto wa tatu wa seremala Isaku na mama yetu Kiyo. Alisoma shule ya kijiji hadi Machi 1960. Hesabu hazikumpenda. Anakumbukwa kwa kukalia nafasi ya karibu na jiko la kuni darasani, na aliyetaka kumsogeza alikula kiwiko. Mtu aliyekuja kugandisha nusu ya bonde hili alipenda joto kuliko sisi sote.

Alifunzwa useremala na baba, akawa fundi mkuu mwaka 1975. Aliunganisha mbao bila msumari hata mmoja, watu wakatoka mjini Matsumoto kuja kutazama. Hilo simnyimi. Lakini ndani ya kuta zake aliacha uwazi mtupu. "Nyumba lazima ipumue," alisema, nanyi wenye nyumba mkaitikia kwa vichwa, mmevaa makoti sebuleni, miguu chini ya meza yenye kipasha joto na migongo inaganda. Bonde zima tunaweka viazi kwenye friji visigande jikoni, halafu tunamsifu fundi.

Tarehe 3 Novemba 1970 alimwoa wifi yangu Fusae, binti wa wakulima wa machungwa wa Shizuoka, pwani yenye joto, aliyefika huku na soksi nyembamba. Walijaliwa mtoto mmoja, Yoshinari, seremala naye, ila akili hakuichukua kwa baba.

Aprili 2025 sheria ilianza kudai kila nyumba mpya itunze joto kwa kiwango kilichowekwa. Mkaguzi wa mji alikuja kumweleza. Tatsuzo akamjibu, "Kijana, mimi sijengi friji."

"Friji ndiyo unayojenga," nikamwambia. "Ila ya dukani mlango wake unafunga."

"Dada, wewe unajua nini habari za kuta?"

"Najua upepo unapopitia. Naishi nao."

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2016. Daktari alimkanya asitoke kwenye maji ya moto akaingia kwenye baridi. Kwa hiyo Oktoba iliyopita Yoshinari alifungua ukuta wa bafu la wazazi wake, akajaza sufi ya nyuzi za kioo ili joto lisitoke, akatandika plastiki ya kuzuia unyevu, kama sheria inavyotaka kwa nyumba mpya. Akarudi kwake Matsumoto. Wiki haikuisha, baba mtu akabandua mbao, akachana plastiki kwa kisu, akang'oa sufi yote na kwenda kuzifunika figili zake ghalani.

"Baba, sufi iko wapi?" Yoshinari alimuuliza siku ya Mwaka Mpya.

"Ukuta ulikuwa unakosa pumzi."

"Na figili je?"

"Hazijambo."

Jioni ya tarehe 19 Januari 2026 alitoka kwenye maji ya moto, akaingia chumba cha kuvulia nguo, ambako taulo lilikuwa limekakamaa kwa barafu. Moyo ukasimama. Fusae alimkuta sakafuni. Figili hazikupata hata doa.

Ameacha mjane wake Fusae, mwanawe Yoshinari, mjukuu wake Chiharu, mimi dada yake Sadayo, na mafundi watano aliowafunza. Alale salama. Huko aliko hakuna ukuta wa kubishania.

Lakini Fusae yuko hapa, ana shinikizo la damu kama mumewe, na anaoga mle mle. Juzi Yoshinari alimwambia, "Mama, niruhusu niufungue tena ukuta." Akajibu, "Acha, mwanangu, ni mkono wa baba yako." Nanyi mafundi watano mkamuunga mkono, eti nyumba ibaki alivyoiacha fundi, iwe kumbukumbu. Kumbukumbu ya nini? Ya mzee aliyekufa uchi kwa kiburi?

Mbao zake zitazameni mpaka mchoke. Bafu siwaachii. Wifi, Jumamosi unashinda kwangu, wala usinibishie. Nyinyi watano, saa mbili asubuhi nataka kusikia misumeno yenu humo ndani, Yoshinari awaelekeze. Na atakayekaa kwake siku hiyo asinisalimie tena barabarani.