Mwalimu Aliyetuachia Nafasi ya Kujibu

Baba mchungaji, wazee wetu, majirani wa mtaa huu wa Bertrams, na ninyi mliotoka mtaa wa La Rochelle kuja kulia nasi, poleni, na asanteni. Mimi ni Clémentine, mdogo wake Emérite, familia imenituma niwasomee maisha ya dada, naye angekuwepo angeniambia nisome polepole, maana tangu utoto aliniona mtu wa haraka.

Dada yetu Emérite alizaliwa tarehe 14 Machi 1976, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, mvua ikinyesha juu ya bati, na mama alizoea kusema kwamba mtoto yule hakulia kwanza, alisikiliza. Alianza shule ya msingi mwaka 1983, akahitimu ualimu mwaka 1998, ingawa ualimu wenyewe aliuanza zamani, akinifundisha kuhesabu kwa kuandika na mkaa ukutani, na fimbo ya mama tukagawana sawasawa.

Aliingia Johannesburg tarehe 9 Agosti 2002, akasuka nywele, akauza mitumba, huku akiota darasa, hadi mwaka 2011 kanisa lilipompa ukumbi, akawa anawapokea watoto wetu baada ya shule, akiwafundisha hesabu, sayansi na Kiswahili, lugha ambayo watoto waliozaliwa hapa wanaielewa vizuri sana wakiitwa kula, lakini ukiwauliza jambo wanakujibu kwa Kiingereza au Kizulu.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na shemeji yetu Égide, fundi simu mnayemjua wote, na tarehe 3 Mei 2008 Mungu akawapa mtoto wao mmoja, Diane. Nitasema wazi, kwa kuwa dada mwenyewe hakuficha, kwamba kiu yake kubwa ilikuwa kumsikia binti yake akimjibu kwa Kiswahili, lakini kinyozi hajinyoi, watoto wa mtaa mzima walimjibu, wa kwake akaendelea na “Yes, Ma” mpaka akamaliza darasa la kumi.

Machi 2020 milango ilipofungwa kwa sababu ya korona, darasa likahamia kwenye simu. Dada aliwatumia watoto sauti kwanza, bila picha, akiwaomba wafumbe macho, wasikie maji yakipanda ndani ya ndoo, au chapati ikigeuzwa kwenye kikaango, au mvua ya alasiri ya hapa hapa Bertrams, akiwaambia kwa upole kwamba inanyesha Buyenzi, kisha anauliza swali, kisha ananyamaza, kimya kirefu, unasikia friji tu na njiwa wa dirishani, ndipo baadaye picha inakuja. Nami mtu mzima nilifumba macho jikoni kwangu, nikaiona Buyenzi, nikaona hadi vumbi la mlango wetu likilowa, nikaunguza maharage.

Shemeji, ambaye ndiye aliyeziandaa rekodi kabla hazijatumwa, kwa nia njema ya kuwaokolea wazazi bando, alivikata vile vimya vyote, akidhani ni mtandao uliokwama, masomo yakawa mepesi, na watoto wakaacha kujibu. Dada alipogundua alisema, “Papa Diane, umekata sehemu ya watoto,” naye akashika kichwa, “Eish, mama Diane, mimi niliona hakuna kitu pale.” Rekodi za mwanzo zilikuwa zimeshafutwa, kwa hiyo wakakaa wote wawili mezani, wakarekodi kimya kipya, somo baada ya somo, na ukisikiliza vizuri unamsikia shemeji akipumua.

Mwezi Juni 2024 dada aligundulika kuwa na saratani ya koo, na upasuaji wa tarehe 21 Agosti ukaichukua sauti yake. Hakuacha kufundisha, alichagua rekodi za zamani kwa kidole, Diane akapiga picha, shemeji akaziunganisha, na watoto wengi hawakujua kwamba mwalimu wao hasemi tena. Mimi nilijua, na iliniuma kumsikia kwenye simu huku nikimtazama amefunga mdomo.

Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, hospitalini, saa ya kutazama wagonjwa, Diane aliweka simu kwenye mto wa mama yake, akafungua somo la mvua. Sauti ya dada ikauliza, “Mwanangu, unasikia nini?” kisha kikaja kile kimya, na Diane, akiwa amefumba macho, akasema, “Nasikia mvua, mama. Na ninamsikia baba anapumua.” Dada akainua kidole chake, kama alivyofanya darasani kwa jibu zuri, akakiacha juu muda mrefu. Alituacha Jumanne tarehe 9 Septemba, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi chini, walimu wenzake wa ukumbi wa kanisa, na wazazi mliomwamini mkawapa watoto simu zenu. Somo la Jumatatu litakuja kama kawaida, kwa sauti ya Diane, naye ameomba kile kimya cha wazazi wake kisiguswe.

Dada Emérite, umenyamaza, nasi ulitufundisha kwamba ukinyamaza ni zamu yetu. Pumzika kwa amani.