Mitungi Isiyorudi: Risala ya Wafanyakazi wa Ghala la Oksijeni

Mgeni rasmi,
Mkurugenzi wetu,
Meneja wa ghala,
Ndugu mkandarasi wa usafirishaji,
Wageni waalikwa na wafanyakazi wenzangu,

Karibu ghalani. Viti mlivyokalia tumeazima kwa majirani zetu wa karakana, na turubai lililo juu yako ni lile tunalofunikia mizigo mvua ikinyesha, kwa hiyo tunaomba mvua ivumilie kidogo. Tunakushukuru kwa kufika. Wageni wengi huishia kule ofisini, wakapewa maji ya chupa, wakapiga picha na bango, wakaondoka. Wewe umekuja mpaka huku sakafuni tunakotokwa jasho, na hilo hatulichukulii poa.

Mimi ninayesoma ni karani wa ghala. Wenzangu wamenichagua si kwa sababu nasoma vizuri kuliko wao, bali kwa sababu wanasema nina sauti kavu na silii ovyo. Tutaona.

KAZI YETU

Mgeni rasmi, watu wengi wakipita hapa nje hudhani ghala ni mahali pa kurundika vitu. Tunaomba utuvumilie tueleze, maana bila hilo maombi yetu yatasikika kama kelele.

Bidhaa yetu ni oksijeni, imeshindiliwa kwenye mitungi ya chuma, inakwenda hospitali na vituo vya afya. Kazi yetu ina sehemu nne. Kwanza ni kuingiza, yaani kupokea mitungi iliyojazwa kutoka kiwandani. Pili ni kuhifadhi, isigongane, isipate jua, isikae karibu na grisi. Tatu ni kusambaza: kupakia na kupeleka kwa wenye wagonjwa.

Hapo ndipo wengi hudhani mambo yamekwisha. Muuza sabuni akishauza amemaliza, hana haja ya kumfuata mteja akadai karatasi iliyofungia sabuni. Sisi hatuna bahati hiyo. Kiwanda hakijazi hewa kwenye mikono mitupu. Ukikipelekea mtungi mmoja mtupu, kinakupa mmoja uliojaa. Usipopeleka, unarudi ulivyokwenda. Kwa hiyo sehemu ya nne ni marejesho, kuirudisha ile mitupu, na hiyo ndiyo inayoshikilia nyingine tatu. Ikikatika, ghala linakauka, hata ukiwa na magari ya dhahabu.

HISTORIA FUPI

Kitengo cha marejesho kina mtu mmoja. Tunamwita Koki, kwa sababu tangu aanze kazi hapa amekuwa hawezi kupita karibu na mtungi bila kuishika koki yake kuona kama imekazwa. Hata kwenye harusi ya karani aliyenitangulia alionekana anakagua mitungi ya gesi jikoni. Ni mtu wa maneno machache na matani mengi, na ndiye aliyetufundisha karibu sote.

Alichotufundisha kwanza ni hiki. Geji ya kupimia mtungi tunayo moja, na mara nyingi ni mbovu. Kwa macho, mtungi uliojaa na mtungi mtupu ni pacha. Basi Koki aliweka utaratibu kwamba uliojaa usimamishwe, mtupu ulazwe chini. Hakuna cha kuandika wala kuuliza. Mpakiaji anasimama mlangoni, anatupa jicho, anajua. Wauguzi wa vituoni nao waliushika utaratibu huo, mtungi ukiisha wanaulaza barazani. Tuliishi hivyo miaka mingi, na miaka yote hiyo hakuna mgonjwa aliyepelekewa chuma kitupu kutoka mikononi mwetu.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, kwenye risala huwa kuna mafanikio. Tumekaa, tumeyatafuta.

Tunayo sakafu mpya, uliyoikanyaga. Tunayo sare hizi, tulizogawiwa jana na ambazo tumeombwa tuzirudishe kesho zikiwa safi. Tunayo magari mapya unayoyazindua leo, na hatusemi uongo, ni mazuri. Dereva wetu mmoja, mzee mzima, alilala ndani ya mojawapo kwa furaha, mkewe akaja kumtafuta huku. Basi.

CHANGAMOTO

Hapa tunaomba radhi, maana ndipo penye maneno mengi.

Usambazaji ulipokabidhiwa kwa mkandarasi, mkataba wake ulihesabu safari ya kwenda tu. Hatumlaumu sana ndugu yetu, yumo humu anatusikia, naye anafanya alichoandikiwa. Gari lake linashusha mitungi kituoni, linageuza, linakwenda kutafuta mzigo mwingine wa njiani. Ile mitupu ikimwomba lifti, haina nauli. Imebaki barazani kwenye vituo vya watu, imelala, watoto wanaikalia. Sisi huku tunakwenda kiwandani na mitungi inayopungua kila mara, tunarudi na michache zaidi. Tulipolalamika tuliambiwa tusubiri magari mapya. Mgeni rasmi, magari hayo yamekuja, na yako kwenye mkataba uleule.

Jambo la pili ni la kulaza na kusimamisha. Katika ukarabati wa sakafu ilionekana kwamba mitungi iliyolala inakula nafasi na inalipatia ghala sura ya fujo. Tukaagizwa yote isimame. Tulieleza. Tukaambiwa tutaletewa vibao vya rangi, na vibao havijafika. Wiki hiyohiyo mpakiaji wetu mmoja, kijana mwangalifu kabisa, alisimama mlangoni kama alivyofundishwa, akatupa jicho, akaona mtungi umesimama, akaubeba. Ulikuwa mtupu. Ulifika zahanati, ukafungwa kwa mgonjwa, na mgonjwa yule hakuamka. Taarifa ilisema uzembe wa mpakiaji, akasimamishwa kazi. Haukuwa uzembe. Macho yake yalikuwa yamezoea ukweli, sisi tukayabadilishia ukweli bila kumwambia. Hatupati usingizi kwa jambo hilo, na hatuoni aibu kulisema.

Jambo la tatu ni Koki mwenyewe.

Magari yalipokataa kubeba mitupu, Koki aliazima mkokoteni. Alikuwa anapanda nao mpaka kituo kimoja cha afya kilichoko mlimani, anashuka na mitungi michache, siku nyingine anapanda tena. Tulimwambia, kaka, umri huo si wa kusukuma chuma mlimani. Akasema mkokoteni una mikono miwili na yeye ana miwili, wamelingana. Mvua zilipoanza hakuacha. Akaanza kukohoa, tukadhani ni baridi, naye akatuambia tusiwe na viherehere. Ikawa nimonia ya mapafu yote mawili.

Amelazwa palepale, kwenye kituo cha mlimani. Mitupu ambayo hakuwahi kuishusha imelala barazani, nje ya dirisha lake. Wodi imebakiwa na mtungi mmoja wenye hewa, ndio anaoutumia, na muuguzi alituambia jana kwamba hewa yake inakaribia kwisha. Ghalani kwetu hakuna uliojaa. Hakuna hata mmoja.

Sasa utatuuliza, na una haki, ile mitungi inayong'aa kwenye gari la mbele lenye utepe ni ya nini?

Mgeni rasmi, mitungi ile ni mitupu. Ni ileile aliyoishusha Koki kwa mkokoteni. Ilikuwa iende kiwandani wiki hii, irudi imejaa, na wa kwanza ungepanda kwake. Ikazuiwa ili ipigwe rangi, gari lisionekane tupu mbele ya kamera. Tumeipakia sisi wenyewe, kwa mikono yetu, imesimama yote. Tulisema, tukajibiwa kwamba itakwenda kiwandani sherehe ikiisha. Lakini ratiba uliyopewa inasema ukishakata utepe, gari linapanda kituo cha mlimani kupigwa picha likishusha mzigo. Na kule muuguzi akiona mtungi unashuka umesimama, atafanya anachojua. Atauchomoa ule wenye kidogo, afunge huu.

Tumepiga simu kituoni tangu asubuhi, simu anayo mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, naye hapokei, tunasikia yuko kwenye maandalizi ya kukupokea.

MAOMBI

La kwanza, tunaomba mkataba wa mkandarasi uhesabu kurudi kama unavyohesabu kwenda. Sio fadhila, ni nusu ya kazi.

La pili, turuhusiwe kulaza mitungi mitupu, hata kama sura ya ghala itachukiza.

La tatu, yule kijana wetu arudishwe kazini. Anashinda nyumbani kwa dada yake, haongei na mtu.

La nne, gari lile lisipande mlimani. Ligeuke hapohapo, utepe ukiwepo au usiwepo, liende kiwandani. Tumeulizia, kiwanda kitajaza leo, lakini foleni ni ndefu na hatujui kama kwenda na kurudi kutawahi. Tunaona kama hakutawahi. Tunaomba hivyohivyo.

La tano halimo kwenye nakala aliyopitisha meneja, naomba anisamehe. Mke wa Koki, shemeji yetu, tunamwita Mama Pacha. Mtu fulani wa ofisini, kwa nia njema, alimwambia jana kwamba leo mgeni mkubwa anakuja na gari zima la mitungi litapanda kwao. Tangu alfajiri amekaa getini pa kituo. Anatupigia kila mara kuuliza mmefika wapi, na sauti yake ina furaha ambayo hatujaisikia tangu mumewe alazwe. Amesema ameshamwambia Koki gari liko njiani, na kwamba Koki alitabasamu, akauliza kama mitungi imesimama.

Tumepokezana simu hiyo sote. Dereva ameshindwa, meneja ameshindwa, mimi mwenye sauti kavu nimeshindwa. Kila aliyeipokea amemwambia tunakuja, shemeji, tunakuja.

Mgeni rasmi, wewe una cheo na una maneno. Tunakuomba umpigie, umwambie wewe. Simu hii hapa, namba yake ndiyo ya juu kabisa.

Mwenyezi Mungu akulinde, akupe pumzi ndefu wewe na watu wa nyumbani kwako, na atuwie radhi sisi.

Ni sisi, wafanyakazi wa Ghala la Mitungi ya Oksijeni: wapokeaji, watunzaji, wapakiaji, madereva, na kwa niaba ya kitengo cha marejesho.