Mstari Mmoja Tu

Treni ilikuwa inakaribia kituo, na muuguzi bado alikuwa amemkazia macho fundi wa programu za zahanati yao. “Kaka, asubuhi nzima nimeandika chanjo za watoto arobaini. Kompyuta imezimwa, imewashwa, hakuna hata mtoto mmoja!”

“Dada, maktaba ya msimbo niliyotumia, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, haihifadhi kitu kwenye hifadhidata mpaka iamriwe.”

“Na wa kuiamuru ni nani, mimi?”

“Programu yangu. Nilisahau kuandika mstari mmoja tu wa amri hiyo. Lakini kunisema vile mbele ya daktari! Niombe radhi, yaishe.”

Abiria wa mbele akaacha kujifanya amelala. Muuguzi akawafikiria watoto ambao huenda wakachomwa sindano tena. Milango ikafunguka.

“Sikuombi radhi,” akasema, “si leo, si kesho.” Akashuka.