Kabureta ya Midomo Miwili

Pale Masisi, mwaka wa sitini na nane, kulikuwa na benchi moja ambalo halikuwahi kuwa benchi. Lilikuwa kiti cha nyuma cha gari la mashindano, ngozi nyekundu iliyochanika, kimewekwa juu ya mawe mbele ya gereji ya Kasika. Gari lenyewe liliachwa na mzungu mmoja wa shamba la pareto alipofunga virago mwaka wa uhuru, akamwambia Kasika, aliyekuwa akimwoshea magari, alichukue. Kasika hakujua kuendesha. Alichojua ni kufungua, kusafisha na kufunga, basi akalifungua gari zima, akapanga vipande vyake ndani ya gereji aliyoijenga ubavuni mwa nyumba, na tangu hapo anauza kimoja kimoja kwa wenye Peugeot za aina ile. Kiti peke yake ndicho kilichokataa kupata mteja. Kila asubuhi kilikaliwa na watu watatu wasiokuwa na gari hata moja: Papa Marcellin, aliyeitwa Freni kwa sababu akishaketi haondoki; Séraphin, aliyeitwa Radio, na sababu usiniulize; na mwalimu Théophile, ambaye wote walimwita Tablo, yaani ubao wa darasani. Kahawa walipikiwa na Kavugho, mke wa Kasika, na siku hiyo Kavugho alikuwa amekasirika.

— Papa Rosalie, alimwambia mumewe kwa jina la binti yao, akimimina, maharagi inashuka ku shamba. Nitaiweka wapi? Hii nyumba iko yako ao ya ile gari?

— Ngojea kidogo, mama.

— Nimengojea tangu dipanda, tangu ile uhuru. Leo Jean-Bosco anakuja. Vyuma vyote yenye itabakia, anapeleka, anatengeneza majembe.

Jean-Bosco alikuwa mhunzi wa pale kilimani. Springi za gari Kasika alikwishazipoteza kwa njia hiyo hiyo, na Kavugho alikuwa analimia moja, tena analisifu lile jembe kwa majirani. Lakini magotini pake sasa alikuwa ameshika kabureta, ile karbirateri kubwa ya midomo miwili iliyolifanya gari la mzungu lingurume, na alikuwa anapitisha unyoya wa kuku uliochovywa petroli katika kila tundu. Iende kuwa jembe? Hapana. Wallahi hapana, alijisemea, ingawa alikuwa Mkatoliki wa Butembo na neno hilo alilichukua kwa madereva.

— Hii itauzwa leo, alisema kwa sauti.

— Itauzwa! Radio akadakia. Watu hawajue tu. Ile gari, yule muzungu alikuwa anainywesha kasiksi, ile pombe ya ndizi. Kopo moja ya petroli, kopo moja ya kasiksi. Njo maana ilikuwa inaimba.

— Uongo, alisema Freni. Nguvu iko ku midomo. Mudomo moja inakunywa petroli, ingine inakunywa upepo. Gari ya mudomo moja inakunywa sawa mutoto. Hii inakunywa sawa shemeji ku kilio.

— Bon, musikilize sasa, alisema Tablo, akisimamisha kidole kama darasani. Karbirateri ya mudomo moja, unatoka hapa asubuhi, unafika Sake saa sita. Mudomo mbili, unagawanya. Ukiongeza muteremuko, unagawanya tena. Mwisho unafika mbele hauyatoka.

— Kabla ya kutoka? aliuliza Freni.

— Kalkili ya hesabu haidanganye, kaka.

— Iko kweli! Radio aliruka. Mimi nilisikiaka. Muzungu alifika ku barieri ya Sake, akakunywa bia, akamaliza, njo vumbi yake ikafika. Mulinzi akaandika gari mbili.

— Ata hii kiti iko na ile nguvu, alisema Freni akijisugua mgongo kwa ngozi nyekundu. Tangu nilianza kukaa hapa, nikiota niko nyumbani, nafika kweli. Siku moja nilimukuta muke wangu anasema na mimi, na mimi niko hapa hapa!

— Huyo alikuwa mwanaume mwingine, Papa Freni, alisema Kavugho, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akacheka.

Wakiwa bado wanacheka, kamionete Peugeot ilipanda ikikohoa, imejaa ndizi hadi juu, ikasimama mbele yao. Akashuka mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani na mikono yenye utomvu. Alijitaja: Mama Adelaïde, anatoka Mpofi, upande wa Walikale, na ndizi zake zinangojewa Goma.

— Banasema hapa njo kwa muntu wa vyuma ya mbio.

Kasika alisimama, akajifuta mikono. Shida ya mama huyo aliijua kabla hajaieleza, kwa kuwa ilikuwa shida ya kila mwenye gari. Barabara ya kuteremkia Sake ilikuwa nyembamba mno kwa magari mawili. Asubuhi wanateremka, adhuhuri barieri ya Sake, kile kizuizi cha njia, inafungwa, mchana wanapanda wa upande wa pili. Ukichelewa, unalala njiani na mzigo wako.

— Mara mbili nimelala pale, alisema Adelaïde. Mara mbili ndizi imeivia ndani ya gari, nikauzia wenye nguruwe. Ku muteremuko siko na neno. Iko ile milima tatu ya katikati njo inaniua. Gari inapanda sawa muntu wa homa.

— Mama, leo umefika! alisema Radio. Na hii karbirateri utafika Goma mbele ndizi haiyajua kama imekatwa.

— Utafika jana, alisema Tablo.

— Mulinzi ataona ndizi tu inapita, hataona gari, alimalizia Freni.

Adelaïde aliipokea kabureta, akaigeuzageuza. Akawatazama mmoja mmoja pale kitini.

— Ku ninyi bote, nani alishapanda hiyo gari ya mbio?

Radio alikohoa. Tablo aliinama kuangalia kahawa yake. Kasika aliona aibu ikimpanda shingoni. Kwa miaka yote hiyo ameuza mbio za gari lile, na hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

— Hakuna, mama, alisema mwishowe. Mimi niliisukumaka tu, siku ya matope.

Adelaïde alimrudishia kabureta taratibu, bila dharau, akageuka kwenda kwenye gari lake. Na huko njiani, begani ana nyundo, Jean-Bosco alikuwa anakuja.

— Mama Adelaïde! Kasika aliita. Fungua moteri.

— Kwa nini?

— Naitia sasa. Haulipe kitu mupaka barieri.

Hakungoja ajibu. Aliinamia ile injini, akatoa kabureta ndogo, akaweka kubwa, akakaza kila nati kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Akageuza skrubu kidogo. Ikakohoa tena. Jasho likamtoka. Mara ya tatu ilinguruma, kuku wa Kavugho wakatawanyika, na Freni akamwaga kahawa yake.

— Inalia vizuri, alisema Adelaïde. Lakini ikinizimikia ku mulima, nitabaki peke yangu na ndizi.

— Hautabaki peke yako. Tunaenda wote. Tukikosa barieri, nitalala juu ya ndizi, na kesho nitamuvutia Jean-Bosco mivuba ya kupuliza moto wa majembe, mimi mwenyewe.

— Utakaa wapi? Kiti ya pembeni nilitoaka, juu ya kuongeza muzigo.

Kasika aligeuka akalitazama benchi. Freni akaelewa, akashika ngozi kwa mikono miwili.

— Kasika, ndugu yangu, hapana. Hii hapana.

— Musimame.

Wakasimama, vikombe mkononi. Hata Freni alisimama. Kasika akakibeba kiti chekundu, akasogeza mikungu, akakibana kwa kamba pembeni ya dereva. Jean-Bosco alikuwa amekwisha fika mlangoni mwa gereji na kuuliza aanzie wapi. Kasika hakuthubutu kumtazama mkewe. Alipanda, akaketi, na Adelaïde akatia gia.

Wakati gari linaondoka ndipo alipogeuka. Kavugho alikuwa ameburuta gunia la maharage hadi kizingitini, amelikalia, miguu imeziba mlango wote.

— Ngojea, Papa Jean-Bosco, alikuwa anapaza sauti ili asikike juu ya ule mngurumo. Barieri bado haiyafungwa!

Kasika alicheka peke yake, macho yamemlowa. Mbele yake karbirateri ilinguruma kwa midomo yote miwili, chini yake ngozi nyekundu ilitetemeka, na mlima wa kwanza ulikuwa umeanza.

— Shika vizuri, Papa Kasika, alisema Adelaïde. Sasa uko mu ile gari.