Nani Alimbeba Ma Alistidia Hadi Ziwa Ngozi

Kijiwe cha Injinia kiko Hamugembe, mbele ya kibanda chake cha kuziba pancha. Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, na birika la kahawa hukaa chini katikati ili kila mtu aone mwenzake anavyojimiminia. Wanawake hawakai hapo. Hawajakatazwa, wana kazi. Lakini Jumamosi ile Ma Alistidia, miaka sabini na sita, alikuwa amekaa katikati kabisa, kwa sababu waliokuwa wakijadiliwa ni yeye na miguu yake. Mwanawe Evarist alitaka kumtoa Nshamba, kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa, aje kuishi chumba cha uani hapa mjini. Mwenye neno la ukoo alikuwa shemeji ya Ma Alistidia, Ta Rutaihwa, karani mstaafu ambaye kijiwe kizima kinamwita Nshomile, yaani "nimesoma", na jina hilo halimuudhi hata kidogo. Nshomile alikuwa ameahidi kulitoa neno hilo asubuhi hiyo hiyo.

— Nasema kwa heshima, alianza Evarist. Mama miguu imekwisha. Juzi tumetoka Rungwe kumwoza binti yangu Annastella. Wakwe wakatupeleka kuona Ziwa Ngozi, lile lililo juu mlimani. Mnajua Mama alifikaje? Mgongoni kwangu.

— Mgongo upi? aliuliza Ma Alistidia. Huo ulioteguka Pasaka kwa kunyanyua mkungu mmoja?

— Mama, usianze.

— Sijaanza. Nikianza utajua.

Akanywa kahawa. Alijua vizuri kilichotokea, maana alikuwepo na macho yake hayana kasoro. Njia ya Ngozi inapanda ndani ya msitu, matope tupu na mizizi. Yeye alivua viatu, akavifunga kwa kanga, akapanda peku, na nyayo zake zilizokanyaga kibanja kwa miaka sitini zikajua pa kushika. Evarist alipanda na viatu vya harusi. Walipofika kwenye mianzi akakaa chini, akamwambia mkwe wao Lameki, baba wa bwana harusi, "Endeleeni na Mama, mimi nina simu ya kazi." Mtandao wenyewe haukuwepo. Wakati wa kurudi, ndani ya gari, akamnong'oneza: "Mama, kijiweni usiseme." Naye akakubali. Mtoto uliyembeba tumboni miezi tisa, aibu yake nayo unaweza kuibeba. Hakujua tu kwamba Evarist angeipakia aibu hiyo mgongoni kwake na kuiita mama yake.

Injinia, ambaye jina lake ni Datius na uinjinia wake ni wa matairi, alisogeza kikombe.

— Mimi naona hivi. Kule juu hewa ni nyepesi. Hewa ikiwa nyepesi, na mtu anakuwa mwepesi. Kwa hiyo Evarist alimbeba kweli, ila hakubeba kitu. Ni kama kubeba shuka.

— Shuka linalolima kibanja kizima, Datius? Tena wewe ukija Nshamba unaondoka na ndizi za shuka hilo.

— Ma, nazungumzia uzito tu!

— Sayansi inasema vingine, alisema Nshomile, akivua miwani ili aonekane anafikiri. Mlima ule zamani ulitapika moto. Moto ukizimika unaacha chuma. Chuma kinavuta chuma, na damu ya mtu ina chuma. Mtu mwenye damu nyingi, mlima unamvuta chini, anakwama njiani.

Evarist alipaliwa na kahawa.

— Pole, alisema mama yake. Endelea, shemeji.

— Sasa mzee damu yake imepungua. Mlima haumwoni.

— Haukuniona?

— Haukukuona, shemeji.

— Mimi niliuona.

— Basi kama ni hivyo, alidakia Injinia, labda hata hawakupanda! Volkano ina moshi wake, hauonekani. Ukiuvuta ukiwa chini, unaota uko juu. Ma aliota amepanda, Evarist akaota amembeba. Wote wawili walikuwa garini wanakoroma.

— Na matope ya kwenye gauni langu? Nililifua mara tatu. Nayo yaliota?

— Hayo bado nayafikiria.

— Usihangaike, Datius, alisema Nshomile. Milima ya namna ile inapumua. Asubuhi imevimba, jioni imesinyaa. Ukifika jioni unakuta ziwa liko usawa wa magoti. Ni kuvuka tu kama mtaro.

— Tena lenyewe ni dogo, alisema Injinia. Sisi ziwa letu lina meli.

— Ziwa letu hata mlevi analifikia, alisema Ma Alistidia. Akiteleza tu barabarani, amefika. Mimi nazungumzia la kupandia.

— Si tumpigie Lameki? alisema Injinia. Atuambie nani alimbeba nani.

Hapo Ma Alistidia aliweka kikombe chini.

— Mpige simu kwa mkwe, mumuulize kama bibi wa mke wa mwanawe ni mwongo? Haya, pigeni. Kesho kutwa mtoto wetu atakuwa amesharudishwa na sanduku lake.

Hakuna aliyegusa simu. Nshomile akavaa miwani tena, akakunja mikono kama yuko mbele ya altare.

— Basi. Kwa niaba ya ukoo. Shemeji, kibanja ni chako, hilo halina ubishi, na marehemu kaka yangu amelala humo. Lakini kama mtu anabebwa mgongoni, siku akianguka peke yake kule Nshamba tutasema nini? Kwa hiyo ukoo unaona...

— Shikamooni wazee! Shikamoo Bibi! Samahani, pancha.

Alikuwa msichana anasukuma pikipiki, Yasmin, aliyehamia mtaa wa pili mwezi uliopita. Waliitikia, na Injinia akainama kwenye tairi huku akimweleza kwa kiburi cha mwenye mgeni kwamba wazee hawa wametoka Ngozi, na kwamba Evarist huyu amepanda mlima na mama yake mgongoni.

— Jamani! Nimetamani kufika siku nyingi. Yasmin akamgeukia Evarist. Baba, ukishafika pale juu, ziwa likoje?

— Ziwa?

— Ndiyo. Ukisimama pale, unaona nini?

— Naona... ni ziwa. Kubwa.

— Unaweza kunawa?

Injinia akaliangalia tairi kwa makini mno. Nshomile, aliyesoma, akaangalia birika. Evarist akamwangalia mama yake. Mama angeweza kumnong'oneza, maneno mawili yangetosha. Ma Alistidia akajimiminia kahawa, taratibu, akainywa.

— Sijui, alisema Evarist. Sijui kama unaweza kunawa. Mimi niliishia kwenye mianzi.

— Mianzi ipi? aliuliza Nshomile.

— Ya njiani. Nilikaa chini. Aliyefika ni yeye. Kwa miguu yake, tena peku.

Nshomile akakohoa mara mbili.

— Kama nilivyokuwa nasema, ukoo unaona Ma Alistidia arudi Nshamba kwake.

— Ukoo umeona saa ngapi?

— Sasa hivi, shemeji.

— Ahsante kwa ukoo.

Yasmin bado alikuwa na swali lake.

— Bibi, basi niambie wewe. Likoje?

— Halinawiki, mwanangu. Unasimama ukingoni, lenyewe liko chini huko mbali, ndani ya mlima, kama mchuzi kwenye chungu kirefu. Kijani. Msitu umelizunguka pande zote. Sikuona mto unaoingia wala unaotoka. Limekaa kwake, halimwombi mtu kitu. Nikalisalimia Kihaya.

— Likakujibu?

— Lilinyamaza. Lina adabu kuliko hawa.

Akasimama bila kushika bega la mtu, akakung'uta kanga. Hiace ya Nshamba huondoka saa nne na hakutaka kukaa kiti cha nyuma. Evarist naye akasimama haraka.

— Mama, nikusindikize hadi stendi?

— Bakia hapa, baba, alisema Ma Alistidia, ameshaanza kwenda. Njiani kuna kilima.